Bakteria Wapole wa Mzee Salehe

Kama umeajiriwa juzijuzi kwenye maabara ya magonjwa ya mimea, na koti lako bado lina mikunjo ya dukani, nisikilize kabla hujaharibu kitu. Ukifunua kisahani ukaona doa moja ni jekundu, dogo, la mviringo, limekaa vizuri kama kifungo cha shati, na jingine ni jeupe, limemwagika ovyo, linateleza kama kamasi na katikati lina wekundu kidogo kama limeona haya, chukua lile la kamasi. Hilo ndilo muuaji. Lile zuri limeshaacha kazi.

Basi, nimesema. Mwenye haraka anaweza kwenda kunywa chai. Anayetaka kujua sisi tulilijuaje jambo hilo abaki, maana nusura limpotezee mtu shamba, na mtu mwenyewe alikuwa dada wa mwalimu wangu.

Mimi naitwa Malogo, Mgogo wa hapahapa. Nilisoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe nilikuwa nalisomea malishoni nyuma ya mbuzi, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa. Kazi nimeifanya kituo cha utafiti wa mboga, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mpaka nikastaafu. Nilianza kumwagilia, nikapanda cheo nikaosha visahani, nikapanda tena nikapika uji. Uji ni chakula cha bakteria. Unachanganya sukari kidogo, unga fulani wa nyama, na kile kitu cha kugandisha kitokacho kwenye mwani, unachemsha kwenye sufuria ya presha, unaweka dawa yake nyekundu, unamimina kwenye visahani, unaganda. Unanukia kama mchuzi. Tulikuwa na mlinzi mmoja aliuonja. Akasema umekosa chumvi. Hakufa, na kwa vile hakufa wengine wakawa wanauliza kama unabaki.

Umeme ulikuwa ukikatika tunaihamishia sufuria kwenye jiko la mkaa, na hapo ndipo unapojua nani fundi. Sufuria ya presha ya mkaa haina saa. Unaisikiliza. Ikipiga kelele nyembamba punguza mkaa, ikinyamaza kimbia.

Aliyenifundisha kusikiliza sufuria ni Mzee Salehe. Huyu alikuwa mtu wa mjini, wa Makole, ukoo wake umefika Dodoma na misafara ya zamani ya kwenda pwani, na hakuacha mtu asahau. Kwa kuwa babu zangu Wagogo waliwatoza babu zake hongo kwa kunywa maji ya visima vyetu, mimi na yeye tulikuwa watani. Kila nilipomwomba kitu ananiambia, "Kwanza nirudishie hongo ya maji ya babu." Nikiwa ndio nimeanza kazi nilidhani ananidai kweli.

Sijaona mtu msafi kama yule, na nimeona masista wa misheni. Kofia yake ilikuwa nyeupe asubuhi na nyeupe jioni, katika mji huu wenye vumbi la rangi ya matofali. Penseli zake zilikuwa na urefu mmoja. Alikuwa akifagia, anafagia hata kivuli cha ufagio. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi wa bakteria wetu, maana bakteria wanataka kuhamishwa. Kila baada ya muda unachoma kisindano chenye kitanzi kwenye moto wa spiriti, kinapoa, unagusa doa kwenye kisahani kikuukuu, unalichora kwenye kisahani kipya. Usipowahamisha wanazeeka wanakufa. Ndivyo tulivyofundishwa wakati ule, na ilikuwa kweli nusu.

Bakteria wenyewe walikuwa wa mnyauko wa nyanya. Kama hujauona ugonjwa huu, muulize mkulima yeyote, lakini usimuulize wakati anakula. Nyanya ni ya kijani, haina doa, haina mdudu, saa saba mchana inainamisha majani kama mtu aliyepewa habari mbaya. Jioni inainuka. Kesho inainama tena, jioni inainuka kidogo. Halafu hainuki. Unamwaga maji, haisaidii, kwa sababu maji hayapandi. Bakteria wameingia kwenye mizizi, wamejaza mishipa ya mmea kamasi yao, wameziba. Mmea unakufa kwa kiu umesimama kwenye tope.

Sasa nije kwa Bi Zuhura, dada yake Mzee Salehe wa kuzaliwa tumbo moja. Alikuwa mjane. Alikuwa anauza nyanya sokoni Majengo, na hakuwa mchuuzi tu, alizilima mwenyewe kwenye shamba aliloachiwa na mumewe, bondeni kaskazini ya mji, mahali ambapo ukichimba kidogo unapata maji. Shamba lenye maji Dodoma si shamba, ni cheo. Mnyauko ulikuwa umemlia misimu miwili mfululizo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, jina lake Idi, akamwambia mbele ya wazee wa ukoo: shamba likikushinda mara ya tatu tunaligawa viwanja, maana wafanyakazi wa serikali wanatafuta pa kujenga. Wazee wakanyamaza, na ukoo ukinyamaza ujue wameshakubaliana nyumbani.

Hizo zilikuwa zama za ruksa. Kabla yake mbegu zilitoka serikalini, kwenye mfuko wa kaki, na usipoziona huulizi. Mara tukaamka kila mtu anauza kila kitu. Mitumba, redio, sabuni za kunukia, mbegu. Pale Majengo kulikuwa na Bwana Hamdani, ambaye alianza na mashati ya mitumba, akaongeza mbegu kwenye meza hiyohiyo, mwishowe mashati yakaisha zikabaki mbegu. Alikuwa na mbegu ya nyanya kwenye pakiti yenye picha ya mama wa Kizungu anacheka. Ilisemekana haiwezwi na mnyauko. Hamdani hakuwa mwizi, hilo mliweke akilini. Yeye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia, na aliyemuuzia alikuwa amevaa tai. Na alikuwa mtu wa haki kiasi cha kuileta mbegu mwenyewe kituoni kwetu akasema, "Ijaribuni. Ikifa sitaiuza."

Tukaijaribu. Unaotesha miche kwenye makopo, unakata mizizi ya upande mmoja kwa kisu, unamimina maji yenye bakteria, unasubiri. Pembeni yake kwa desturi unaweka nyanya za kienyeji, ambazo kila mtu anajua zinakufa. Tulikuwa tunaziita mashahidi. Shahidi akifa ndipo unajua bakteria walikuwepo kazini.

Lakini mwaka ule mvua ilikuwa imetukimbia, pampu imeungua, na maji yalikuwa yanakuja kwa boza pale dereva wa boza anapojisikia. Meneja wetu akapita kwenye banda, akatazama makopo, akauliza, "Hizi nazo?"

"Mashahidi," Mzee Salehe akasema.

"Zinafanya nini?"

"Zinakufa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Meneja akasema, "Sasa unampa maji mtu ambaye unajua anakufa?"

Tukatazamana. Kwa mtu aliyekulia Dodoma hilo ni swali lenye akili sana. Tukazitoa. Hakuna aliyepinga, na mimi nilipeleka maji yaliyookolewa kwa mbuzi wa mlinzi, ambao nao hawakupinga.

Mbegu ya Hamdani haikufa. Ilisimama, ikarefuka, ikatoa maua. Tukarudia, ikasimama tena. Hamdani akaleta kreti ya soda. Ripoti ilikuwa inangoja utepe wa mashine ya chapa, lakini habari haingoji utepe. Mzee Salehe alikula Ijumaa kwa dada yake, akamwambia. Bi Zuhura akanunua pakiti za kutosha shamba zima, akasia kitalu.

Ndipo akarudi Daktari Koku.

Huyu alikuwa binti wa Kihaya, mtafiti wetu, alikuwa amepelekwa masomoni ng'ambo kusomea bakteria hawahawa: ni kitu gani kinawaamrisha waanze kuua. Siku aliyorudi alisalimia watu wote mpaka jikoni, kisha akaja kwenye kabati letu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Umekonda."

"Nimekonda. Mzee, hawa ndio wale niliowaacha?"

"Ndio wenyewe. Nimewatunza kwa mkono wangu."

Akakiinua kisahani kwenye mwanga wa dirisha. Madoa yalikuwa yamejipanga, mekundu, ya mviringo, sawasawa, kama mtu amepiga muhuri. Akachukua kingine. Yaleyale. Akachukua cha chini kabisa.

"Ni wazuri sana," akasema.

"Ahsante, mwanangu."

"Ndiyo shida yenyewe."

Hakueleza siku hiyo. Alinituma Majengo nikanunue miche ya nyanya za kienyeji, ile aina dhaifu, ambayo ukiitazama vibaya inanyauka. Tukaikata mizizi, tukaimiminia bakteria wa Mzee Salehe, tena kwa ukarimu. Tukasubiri. Ile miche ikanenepa. Ikatoa maua. Mmoja ukazaa. Mzee Salehe alikuwa anapita pale anasema labda ni udongo, labda ni ubaridi, na ubaridi wenyewe mimi nilikuwa nimevaa singlendi.

Basi Daktari akatukalisha kwenye mabenchi ya banda akatueleza, na nitawaeleza nilivyoelewa, aliyesoma zaidi atanisamehe. Bakteria ana maagizo aliyozaliwa nayo, wanayaita jeni. Agizo la kutengeneza kamasi, agizo la kutengeneza maji ya kuyeyusha mizizi, mengi. Juu ya hayo yote liko agizo moja ambalo kazi yake ni kuyaamsha mengine. Akatafuta neno, akasema, "Ni kama mnyapara." Bakteria wakiwa wachache, mnyapara yuko kimya. Wanaogelea, wanakula, hawamsumbui mtu. Lakini kila mmoja anatoa kiharufu chake. Wakijazana mahali pembamba, kama ndani ya mshipa wa nyanya, kile kiharufu kinakuwa kizito, mnyapara anasikia kwamba sasa tuko wengi, anatoa amri. Kamasi. Yeyusha. Wote kwa pamoja. Ndiyo maana nyanya inaonekana nzima kwa muda mrefu halafu inakufa ghafla. Haikushambuliwa ghafla. Ilihesabiwa kwanza.

Mzee Salehe alikuwa anasikiliza huku anapangusa kioo ambacho kilikuwa kisafi.

"Sasa kwenye kisahani," Daktari akaendelea, "hakuna nyanya ya kuua. Kamasi inakuwa mzigo wa bure. Mara mojamoja anazaliwa bakteria ambaye agizo la mnyapara limeharibika. Huyo hatengenezi kamasi. Anakula tu, anazaana. Kwenye kisahani kilichozeeka anawashinda wenzake. Na doa lake linakuwa dogo, jekundu, halimwagiki."

Mzee Salehe akaweka kitambaa chini. "Mwanangu, babu yangu alikuwa mnyapara wa msafara. Huyo ninamjua. Mnyapara akifa wapagazi hawafi. Wanatua mizigo, wanakaa, wanakula."

"Hivyo hivyo, mzee."

"Na kila nilipohamisha, mimi nilikuwa nawachagua waliokaa."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Kwa sababu ni wasafi."

"Kwa sababu ni wasafi."

Miaka yote ile. Alikuwa anafungua kisahani, anaona doa moja la kamasi na moja lililonyooka, na mkono wake, mkono ule uliokuwa unafagia kivuli, ulikuwa unakwenda kwenye lililonyooka. Mtu mchafu asingeweza kufanya kosa lile. Mimi nikasema, "Mzee, umewafundisha bakteria adabu," nikadhani nafanya utani. Hakunijibu maji ya babu. Akasema, "Zuhura ameshasia."

Tukaenda siku ileile kwa pikapu ya kituo, Daktari, Mzee Salehe na mimi. Bi Zuhura tulimkuta anamwagilia kitalu kwa kata, kanga kaifunga kiunoni. Miche ilikuwa imefikia kupandwa, mizuri, imejaa. Ile rangi ya kijani bado naiona.

"Shikamoo, kaka. Karibu, Daktari. Na wewe Mgogo umefuata nini, ushuru wa maji?"

"Leo nimesamehe," nikasema.

Mzee Salehe akaanza kuuliza habari za kisima. Akauliza habari za mbuzi. Akauliza habari za mbuzi aliyekufa tangu mfungo. Dada yake akaweka kata chini.

"Kaka, nani amefariki?"

Ikabidi Daktari aseme. Alisema vizuri, bila kuzungukazunguka. Bi Zuhura akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mbegu hii inakufa?"

"Hatujui, dada yangu," Daktari akasema.

"Inapona?"

"Hatujui."

"Miezi yote hiyo mlikuwa mnafanya nini?"

Mzee Salehe akasema, "Tulikuwa tunaijaribu kwa bakteria wapole."

Bi Zuhura akamgeukia kaka yake. "Si ajabu. Hata paka wako anakula na panya sahani moja."

Ilikuwa kweli, huyo paka nilimjua. Lakini hakuna aliyecheka, maana wote tulikuwa tunaitazama ile miche. Kujaribu upya kungechukua msimu. Miche haingoji msimu, na Idi naye hangoji. Bi Zuhura akipanda yote ikafa, shamba linakwenda. Asipopanda kitu, shamba linakwenda vilevile, tena mapema zaidi.

"Hao bakteria wakali," Bi Zuhura akauliza, "mtawapata wapi?"

"Kwenye shamba lenye ugonjwa," Daktari akasema.

"Yaani hili."

"Ndiyo."

"Basi kumbe maabara iko kwangu."

Akatembea mpaka chini kabisa, kule ambako kila mwaka kifo kilikuwa kinaanzia, karibu na kisima. Akasema hapa nitapanda matuta machache ya mbegu ya Hamdani, na katikati yake naweka za kienyeji. Hakuna aliyemwambia habari za mashahidi. Mtu aliyefiwa na nyanya mara mbili anajua mwenyewe. Akamuuliza Daktari, "Kitunguu wanakigusa?" Daktari akasema kitunguu hawana habari nacho. Basi, shamba lililobaki lote vitunguu. Alikwenda kwa majirani zake Warangi, wakampa miche ya vitunguu iliyozidi, kwa makubaliano kwamba atawasaidia kuvuna.

Ile miche mingine ya nyanya, kitalu karibu kizima, aliacha kuimwagilia. Hakuing'oa. Aliacha tu. Mimi nilikuwa napita kule na baiskeli nageuza uso. Nimeua nyanya nyingi maishani mwangu kwa mshahara wa serikali, ila zile sikupenda kuzitazama.

Bwana Hamdani akasikia, akaenda mwenyewe shambani.

"Dada, unaiua mbegu yangu kwa kiu."

"Zile pale chini zinakunywa," Bi Zuhura akamwambia. "Kazitazame hizo. Ukitaka, lala nazo."

Idi naye akaja. Akasimama juu ya vitunguu vilivyokuwa bado kama nywele za mtoto, akasema, "Shemeji, nyanya zimekushinda umekimbilia majani?" Akacheka, akapima upande mmoja wa shamba kwa hatua, polepole, ili aonekane anapima.

Nyanya za kienyeji zikafa kwanza, haraka, kama kawaida yake. Mbegu ya Hamdani ikasimama. Siku zikaenda, imesimama. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ikatoa maua, ikaweka vijitunda kama gololi, na pale juu kitalu kimeshakauka, na watu wa bondeni wanasema Zuhura ameharibiwa na ndugu yake wa maabara. Mzee Salehe alikuwa anakwenda kila jioni. Alikuwa hali chakula. Penseli zake zikawa za urefu tofauti, mimi nilizipima. Nilimuuliza siku moja, "Mzee, unaomba zipone au zife?" Akasema, "Hilo ndilo sijui nimwombe vipi Mungu. Zikipona nimemharibia dada yangu msimu. Zikifa nilitaka kumharibia maisha."

Mchana mmoja wa jua kali nikafika na dumu la maji, nikaona majani ya juu yameinama. Jioni yakainuka. Nikangoja. Kesho yake yakainama matuta yote, na jioni yakainuka nusu. Nikamfuata Mzee Salehe, naye akaja na Daktari. Alipofika, akashika shina moja, akatazama, akasema, "Alhamdulillahi," halafu akamwona dada yake amesimama nyuma yake, akavua kofia.

"Sema tu," Bi Zuhura akasema. "Hata mimi nimesema, kimoyomoyo."

Daktari akaomba glasi. Bi Zuhura akaleta glasi ya chai, ameisuuza, imejaa maji ya kisima yaliyotulia. Daktari akakata shina karibu na ardhi, akalichovya ncha, akalishika bila kutikisa. Mnaweza kufanya jambo hili popote, halitaki maabara. Ukisubiri kidogo unaona uzi mweupe, mwembamba kama moshi wa sigara, unashuka kutoka kwenye shina kwenda chini ya glasi. Huo si utomvu. Hao ni wao, maelfu kwa maelfu, na kamasi yao. Tukainama wanne juu ya glasi moja. Mimi nilikuwa nimepika uji wa bakteria miaka na miaka, na sikuwahi kuwaona wanatoka kazini.

"Hawa nitawachukua," Daktari akasema. "Hawa mnyapara wao yuko macho. Na safari hii hatuwahamishi hamishi. Tunawaweka kwenye maji matupu yaliyochemshwa, kwenye chupa, bila chakula. Wakiwa na njaa hawazaani, na wasipozaana hawaharibiki."

Mzee Salehe akauliza, "Na nikiwapanda kwenye kisahani?"

"Unachagua wale wa kamasi."

"Wale wachafu."

"Wachafu kabisa, mzee wangu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeandikiwa dawa chungu. Na alifanya, mpaka anastaafu. Alikuwa anageuza uso kidogo wakati wa kugusa, ila aligusa.

Sasa, kila chupa ya bakteria inapewa jina, kwa kawaida la mahali au la mwenye shamba. Daktari akatoa kalamu, akamwambia Bi Zuhura kwamba hizi zitaandikwa jina lake, ni heshima, zitakaa kabatini miaka mingi na watafiti watazitaja.

"Jina langu kwenye ugonjwa?" Bi Zuhura akauliza.

"Ndiyo desturi, dada."

"Andika la aliyeniuzia mbegu."

Daktari akamtazama Mzee Salehe. Mzee Salehe akatazama mawingu. Basi ikaandikwa hivyo: Hamdani.

Vitunguu vilivunwa. Havikuwa vya ajabu, lakini vilijaza magunia na magunia yalipangwa pale ukingoni mahali ambapo mtu yeyote anayepita barabarani anayaona. Idi akaja. Akayazunguka. Akasema, "Shemeji, mmejaliwa." Akaomba vya kupeleka nyumbani, akapewa, akavibeba begani. Habari ya viwanja haikusemwa siku ile, wala kwenye kikao cha ukoo kilichofuata, na Bi Zuhura amelilima shamba lile mpaka amewaachia wanawe.

Bwana Hamdani alipoisoma ripoti aliiondoa mbegu ile dukani kwa mkono wake, kama alivyoahidi, ingawa alikuwa amebakiwa na nyingi. Akaanza kuuza mbegu za vitunguu. Miaka baadaye, siku ya wakulima kutembelea kituo, akaja na suti. Mimi ndiye niliyekuwa nawazungusha wageni maabara. Akafika kwenye kabati, akainama, akaona safu nzima ya vichupa vina jina lake.

Akaninong'oneza, "Malogo, hii ni nini?"

Daktari Koku alikuwa pembeni, akawahi. "Hiyo, Bwana Hamdani, ndiyo kali kuliko zote tulizonazo. Kila mbegu mpya nchini ikija hapa inapimwa kwa hiyo kwanza. Isipopita kwa Hamdani, haiendi kwa mkulima."

Bwana Hamdani akainuka wima. Akarekebisha tai. Akauliza kama anaweza kupigwa picha akiwa amekishika kichupa kimoja, tukamwambia asikifungue, tukampiga.

Ile picha aliitundika dukani, juu ya meza. Bi Zuhura, ambaye gunia lake la vitunguu lilikuwa linatazamana na duka lile, alimuuliza ni ya nini, na Hamdani akamweleza yote kwa kirefu. Bi Zuhura akamwambia anastahili, na akamfungia vitunguu vya kwenda navyo nyumbani.